Jipu Si Ushahidi wa Zinaa

Leo nina mazungumzo ya akina mama, na akina baba nawaomba msitoke wala msipunguze sauti. Ninyi ndio mnaoshika nauli, na mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kuuliza, "Hilo umelitoa wapi?"

Nazungumzia jipu. Si lile la mgongoni ambalo mtu humwonyesha jirani akaambiwa weka hiki, weka kile. Nazungumzia jipu linaloota sehemu za siri za mwanamke: kwenye shavu la uke, kando ya mlango wa uke, kinenani, na mara chache sana karibu na kinembe. Nitayataja maungo haya kwa majina yake. Kungwi huyataja mbele ya mwali, mkunga huyataja mbele ya mzazi, na mama asiyeweza kuyataja atafika kwa tabibu aseme "tumbo linauma", apewe dawa za tumbo, arudi nyumbani na jipu lake.

Tumfikirie mama wa Ngarambe, kule Rufiji, mwenye miaka 30 hivi na watoto watatu. Hana kisukari. Amepima virusi vya UKIMWI kliniki na hana. Ametulia na mume wake. Ni msimu wa ufuta, kazi imepamba moto. Siku ya kwanza, akioga, anapapasa kijivimbe upande wa kushoto wa uke, kwa chini. Siku ya tatu hawezi kukaa sawasawa kwenye kigoda. Anakalia paja moja. Siku ya nne anatembea ametanua miguu, na mama mkwe akiuliza, anajibu kwamba kiuno kimemkamata. Chakula cha jioni anakipika amesimama. Usiku homa inapanda. Kulipokucha anafunga mlango, anachukua kioo na wembe.

Hapo kwenye wembe ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mama huyu hajapungukiwa akili. Amepima mambo yake akaona akisema ataulizwa, na jibu lake halitasadikiwa. Kwetu Pwani ugonjwa wa sehemu za siri huhukumiwa kabla haujatazamwa. Mume atadhani mke ametoka nje. Mke naye atadhani mume ndiye aliyemletea. Wifi akisikia, mtaa umesikia. Mmoja atasema ni uchafu, mwingine atasema mshipa, wa tatu atasema katupiwa. Katika maneno hayo yote hakuna hata moja linalotoa usaha.

Basi nianze na hilo la zinaa, maana ndilo linalofunga midomo.

Kila mwanamke ana tezi mbili ndogo, moja kila upande wa mlango wa uke, sehemu ya chini. Ukiuchukulia mlango wa uke kuwa ni uso wa saa, tezi hizo ziko penye namba 4 na namba 8. Zinaitwa tezi za Bartholin, kwa jina la Caspar Bartholin wa Denmark aliyezieleza mwaka 1677. Kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha uke, na ute huo hupita katika kijifereji chembamba chenye urefu wa sentimita 2 na nusu hivi. Kijifereji kikiziba, ute hukwama na tezi ikavimba, ikawa kifuko. Kifuko chaweza kukaa miezi bila kuuma. Wapo wanawake wanaoishi nacho wasijue. Vijidudu vikiingia humo ndipo linapozaliwa jipu, na maumivu yake hayana mfano. Katika kila wanawake 100, wawili hivi hupata tatizo la tezi hizi maishani mwao, na wengi ni wenye umri wa kuzaa. Kuziba kwa kijifereji hakuhitaji mwanamke awe amefanya kosa lolote.

Ni kweli kwamba zamani madaktari wenyewe walidhani jipu hili karibu kila mara ni kisonono. Usaha ulipopandwa maabara ili vijidudu vyake vijulikane, hesabu ikabadilika. Mwaka 2013 madaktari wa Beer-Sheva, Israeli, walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 200 waliokuwa na jipu la tezi ya Bartholin, na kijidudu kilichoongoza ni E. coli, ambacho makazi yake ya kila siku ni utumbo wa kila mmoja wetu, mwaminifu na asiye mwaminifu. Kwa majipu ya ngozi ya mashavu ya uke, taarifa iliyotoka San Antonio, Texas, mwaka 2008 ilikuta kwamba zaidi ya nusu ya usaha uliopandwa ulikuwa na stafilokokasi iliyozoea dawa, yaani kijidudu cha ngozi. Kisonono na klamidia bado vimo katika orodha, kwa hiyo mhudumu akimwomba mama apime, apime, asione ametukanwa. Ninachokikataa ni kumwona mama ana jipu ukamtangaza kuwa mzinzi, au mumewe, kabla kipimo chochote hakijasema.

Na uchafu pia nauondoa. Wanawake wasafi kabisa hupata majipu haya, na pengine usafi wenyewe huwa na mkono. Kunyoa nywele za sehemu za siri ni desturi yetu, na kwa Waislamu ni suna. Sisemi tuache. Lakini wembe mkavu, uliokwisha makali, au ulioazimwa kwa dada, hukata ngozi vijidonda visivyoonekana, na nywele iliyokatwa huweza kuota kwa kurudi ndani. Shimo la nywele likiingiwa na vijidudu, jipu limepata pa kuanzia. Ukitoka hapo ukavaa nguo ya nailoni inayobana, ukashinda juani shambani, umelipalilia. Wembe uwe mpya na wako peke yako, ngozi uilowanishe kwanza, unyoe kufuata nywele zilivyolala. Mwenye majipu ya kujirudia afadhali apunguze kwa mkasi, asiifikie ngozi.

Sasa huyu mama wa Ngarambe, tuseme wembe tumemnyang'anya. Aende wapi?

Ngarambe ni jina ambalo kila mtoto wa shule amekutana nalo katika historia. Mwaka 1904 na 1905 watu walimiminika huko kutoka Umatumbi na kwingineko kufuata dawa ya Kinjikitile Ngwale, yule ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Kuna wakati dawa ilifuatwa Ngarambe. Leo mama wa Ngarambe, akipita zahanati na jambo likawa kubwa, anafuata dawa hospitali ya wilaya Utete, juu ya bodaboda, na kwa mtu mwenye jipu pale pa kukalia hiyo safari ni adhabu. Wa Kibiti ana afadhali, ana lami na hospitali ya misheni ya Mchukwi. Wa visiwani huko deltani, Kiongoroni au Maparoni, anasubiri maji yajae ndipo chombo kiondoke. Na mvua zikizidi, kama zilivyozidi Aprili 2024 mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, hata njia iliyopo inakatika. Kwa hiyo mama wa huku akificha siku nne hajapoteza nne tu. Bado hajaanza safari.

Akifika kwa mhudumu anayejua kazi, jambo la kwanza analotaka kujua ni mahali lilipo, kwa kuwa mahali ndipo panaposema ni jipu gani. Likiwa chini kando ya mlango wa uke, penye namba 4 au 8, ni tezi ya Bartholin mpaka ionekane vingine. Likiwa kwenye shavu la nje lenye nywele, au kinenani, ni jipu la ngozi. Likiwa dogo, juu, limebanana na tundu la mkojo, na mama analalamika mkojo kuuma, kuna vijitezi vingine pale vya kuangaliwa, na huyo apelekwe kwa daktari, kisu kisikaribie njia ya mkojo. Likiwa karibu na njia ya haja kubwa, laweza kuwa limetokea ndani ya njia hiyo yenyewe, na kulipasua kijuujuu hakulimalizi.

Lile la kinembe ni la nadra, na kwa sababu ni la nadra hukosewa sana. Ngozi inayofunika kinembe huvimba, hata kugusana na nguo hakuvumiliki. Kwa wanawake waliokeketwa katika mikoa yenye desturi hiyo, mara nyingi chanzo ni kifuko kilichojijenga chini ya kovu miaka mingi baada ya kukatwa, kisha kikaingiwa na vijidudu. Lakini huwapata pia wanawake ambao hawakuguswa na wembe wa ngariba, wazima wa afya, mara nyingine kwa nywele iliyozama chini ya ngozi, mara nyingine bila sababu kuonekana. Jipu hili lina tabia ya kurudi. Lililorudi linahitaji daktari wa upasuaji wa wanawake akiondoe kifuko chenyewe, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mishipa ya fahamu imejaa pale na mwanamke ana haki ya kubaki nayo.

Halafu kuna visivyo majipu, na hapa nawaomba wenzangu wa zahanati mnisikilize kuliko wote. Uvimbe wa kinenani au wa shavu la uke unaotoka mama akikohoa na kurudi akilala waweza kuwa ngiri. Ukiupasua ukidhani ni usaha, umepasua utumbo. Kwa hiyo mkohozeshe kwanza, mpapase akiwa amesimama na akiwa amelala. Kwa mjamzito kuna mishipa ya damu inayovimba kwenye mashavu ya uke, nayo haipasuliwi. Bonde la Rufiji lina matende, ndiyo maana tumekuwa tukimeza dawa za kila mwaka katika mpango ulioanzia Mafia mwaka 2000, na matende hayakai miguuni tu. Mara chache huvimbisha hata sehemu za siri za mwanamke, taratibu, bila usaha. Kichocho nacho, kile cha kukojoa damu, mayai yake hukwama ukeni na kwenye ngozi ya nje yakaleta vivimbe na vidonda, hata kwa msichana ambaye hajamjua mwanamume. Msichana huyo akiitwa malaya ametendewa dhuluma, na dawa anayoihitaji ni prazikwanteli.

Kidonda kilichofumba kikafumbuka, kinachotoa maji kwa wiki nyingi bila kuuma sana, kipimwe kifua kikuu. Majipu yanayokuja kinenani na kwapani kwa zamu, yakiacha vijishimo vinavyounganika chini ya ngozi, ni ugonjwa wa ngozi wa kudumu unaotaka matibabu yake. Na mama aliyefikisha miaka 40 akapata kwa mara ya kwanza uvimbe mahali pa tezi ya Bartholin, kinyama kikatwe kipelekwe maabara. Saratani ya tezi hiyo ni adimu sana, lakini kwa umri huo hatubahatishi.

Mhudumu atampima mama sukari na joto, atamshauri kupima virusi vya UKIMWI, atauliza kama ni mjamzito. Hata kama mama anaonekana mzima, sukari ipimwe. Wapo waliogundua kisukari chao kwa njia ya jipu.

Tuje kwenye tiba. Jipu changa, gumu, dogo, halipasuliwi. Mama akalie beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, na anywe dawa ya kutuliza maumivu. Maji yajaribiwe kwa kiwiko kama ya mtoto, kwani nimeona ngozi iliyobabuliwa na maji ya moto na chumvi ikamsumbua mtu kuliko jipu. Mengine hupasuka yenyewe katika maji hayo yakaisha.

Jipu lililoiva, laini ukilibonyeza, halina njia nyingine: usaha utoke. Vidonge vya antibayotiki vilivyonunuliwa dukani haviwezi kufika vya kutosha ndani ya dimbwi la usaha. Hupunguza homa, mama akadhani amepona, na wiki mbili baadaye liko palepale. Nataka mjue linavyopasuliwa, kwa sababu hofu ya kupasuliwa ndiyo inayompa mama wembe. Analala chali, amefunikwa, mlango umefungwa, muuguzi mwanamke yupo kichwani pake. Sehemu inasafishwa. Sindano ya ganzi inachomwa pembeni. Hiyo inauma, nisikudanganye, ila ni kwa muda mfupi. Likiwa la tezi ya Bartholin, mkato unafanywa upande wa ndani, sio kwenye ngozi ya nje, na ni mdogo, nusu sentimita hivi. Usaha ukitoka, maumivu ya siku hizo zote yanashuka papo hapo. Wengi huvuta pumzi ndefu, na wapo wanaolala usingizi palepale kitandani kwa kuwa hawajalala usiku mwingi.

Kazi haijaisha hapo. Mkato wa tezi ya Bartholin ukiachwa hivihivi hujifunga upesi, tezi ikajaa tena. Ndiyo maana Buford Word wa Marekani alitengeneza, miaka ya 1960, kimrija chenye kipira mwishoni: kinaingizwa, kipira kinajazwa maji mililita 2 au 3, kinakaa ndani wiki nne hivi mpaka njia mpya ijitengeneze. Njia nyingine ni kushona kingo za kifuko na ngozi ya ndani zibaki wazi. Utafiti wa Uholanzi na Uingereza uliotolewa mwaka 2017, wenye wanawake 161, ulikuta njia hizi mbili zinakaribiana: jipu lilirudi ndani ya mwaka kwa asilimia 12 ya waliowekewa kimrija na asilimia 10 ya walioshonwa. Hivyo mahali ambapo kimrija cha Word hakipo, mama hajakosa tiba. Zipo hata njia za kutumia kipande cha mrija laini wa kawaida kilichopitishwa uzi na kufungwa kikawa pete. Jipu la ngozi ya nje lenyewe hupasuliwa juu lilipoiva, vyumba vya usaha vikavunjwa, na kidonda kikaachwa kipone kuanzia chini.

Antibayotiki zina mahali pake. Anazihitaji mwenye homa, mwenye wekundu uliosambaa, mjamzito, mwenye kisukari au kinga iliyoshuka, na ambaye jipu lake limerudi. Aina ya dawa aichague mhudumu, kwani iliyomponya jirani yaweza isiguse kijidudu chako. Maabara ikiwepo, usaha usimwagwe wote. Kidogo kipelekwe kupandwa.

Zipo dalili zisizosubiri kesho, na hizi naomba hata mtoto mkubwa wa nyumbani azijue. Wekundu au uvimbe unaotambaa saa kwa saa kuelekea pajani, makalioni au tumboni. Ngozi inayogeuka zambarau au nyeusi, au yenye malengelenge. Maumivu makali kuliko uvimbe unavyoonekana. Homa na kutetemeka, kuchanganyikiwa, mapigo kwenda mbio. Hayo ni maambukizi yanayokula nyama chini ya ngozi, na huweza kumpata hata aliyekuwa mzima wa afya. Tiba yake ni upasuaji mkubwa wa haraka pamoja na dawa za mshipa. Mama mwenye dalili hizi asipelekwe kulala zahanati mpaka asubuhi. Aondoke usiku huohuo kwenda hospitali, na ikibidi Tumbi, Kibaha, au Muhimbili.

Nina malalamiko kwa sisi wa huduma, na nayasema kwa uchungu. Tumezoea utaratibu wa magonjwa ya zinaa: mama akitaja sehemu za siri, hata hatujamlaza kitandani, tunaandika dawa za zinaa na kumwambia, "Kamlete mumeo." Kumwita mwenza ni jambo jema pale ugonjwa wa zinaa upo. Lakini mama aliyetoka Ngarambe na jipu, akarudi na pakiti ya vidonge na agizo la kumleta mume, tumempa nini? Jipu analo bado, na sasa ana kesi nyumbani. Tumlaze, tutazame, tupapase. Ni dakika chache. Na dirishani, mbele ya foleni, tusimwulize kwa sauti anaumwa wapi.

Baba, mkeo akikuambia ana jipu huko, swali lako la kwanza liwe linamuuma kiasi gani, la pili liwe mnaondoka saa ngapi. Tendo la ndoa lisubiri mpaka mhudumu aseme. Mwenye kimrija ndani ataelekezwa. Mama mkwe, akikuomba umshikie mtoto aende zahanati na hataki kusema sababu, mshikie tu.

Nawe mama, ukifika mapokezi huna haja ya hadithi ndefu. Sema: "Nina jipu sehemu za siri, naomba kuonwa faragha." Ukitaka kuonwa na mwanamke, omba. Ikiwa tabibu aliyepo siku hiyo ni mwanamume tu, mwombe muuguzi mwanamke asimame nawe chumbani, hilo ni haki yako. Usinyoe kabla ya kwenda ukidhani unajisafisha, utajiongezea vidonda. Mwambie mhudumu lilianza lini, kama umewahi kuwa nalo, dawa ulizokwisha kunywa au kupaka, na kama umekosa siku zako. Na kabla ya kuteremka kitandani, muulize tarehe ya kurudi, uiandikishe kwenye daftari lako, kwani lililopasuliwa leo bila kutazamwa tena ndilo linalorudi.